Roma ya kuazima katika picha za kwanza za Marekani

Mwaka 1768, wachoraji wawili kutoka makoloni ya Amerika walichora watu wawili. Charles Willson Peale, aliyekuwa masomoni London, alimchora mwanasiasa Mwingereza William Pitt kavaa joho la Kirumi na kushika Magna Carta, hati ya kale ya haki za Waingereza. Kule Boston, John Singleton Copley alimchora mfua fedha Paul Revere akiwa na shati na kizibao bila koti, mkono mmoja kidevuni, mwingine umeshika birika la chai. Leo Revere anajulikana mbali sana. Pitt na joho lake wanajulikana zaidi na wataalamu.

Ukiishia hapo utasema Roma iliwapotosha wachoraji. Mimi siendi mbali hivyo, kwa sababu shida yao ilikuwa ya kweli. Ulaya ilizoea kuuchora ukuu kwa taji na kiti cha enzi. Sasa nchi iliyomkataa mfalme imchoreje kiongozi wake, aonekane mkubwa lakini asifanane na mfalme? Roma ya kabla ya makaisari ilikuwa na jibu: Cincinnatus, aliyeitwa vitani kutoka shambani, akashinda, akarudi kulima. George Washington, aliyejiuzulu ukuu wa jeshi mwaka 1783, alimwenea vizuri.

Joho, hata hivyo, hakulitaka. Mwaka 1786, mchongaji Mfaransa Houdon akiandaa sanamu yake, Washington alimwandikia Thomas Jefferson, balozi wa Marekani huko Paris, kwamba haoni haja ya kufuata kitumwa mavazi ya kale. Houdon akamvisha sare ya jeshi, Roma akaisogeza pembeni: fungu la fito 13, ishara ya Kirumi ya mamlaka, fito moja kwa kila jimbo, na jembe nyuma ya miguu. Gilbert Stuart naye, mwaka 1796, alimchora kwa suti nyeusi ya mahameli, mkono umenyooka kama wa msemaji barazani, fito za Kirumi zikijificha kwenye mguu wa meza. (Nguzo na pazia zito nyuma yake ni vitu vilevile vya picha za wafalme, lakini tuyaache hayo.) Kwangu, hapa ndipo Roma ilipofanya kazi: ilipokuwa fanicha na ishara, si vazi.

Anayebisha amtazame Horatio Greenough. Sanamu yake ya Washington, iliyowekwa ndani ya Bunge mwaka 1841, ilimwonyesha kama Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, kifua wazi, shuka kiunoni. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na watu walicheka kweli: ilisemwa ananyoosha mkono kutafuta nguo zake.

Lakini kicheko hicho kinaliacha jembe la Houdon bila kuguswa, na mimi ndilo linalonisumbua zaidi. Katika hadithi, wajumbe walimkuta Cincinnatus akilima kwa mikono yake. Mount Vernon, shamba la Washington, mwaka 1799 ilikuwa na watumwa 317. Jembe lipo pale kwenye marumaru. Waliolishika hawapo.