Si kila kitu ni "virusi"

Wiki ya tatu tangu nianze kukaa kwenye steshenari ya mjomba, jirani na chuo, alikuja dada mmoja na flashi. "Kaka, nataka kuprinti, ila naona ina virusi." Nikaichomeka. Mafolda yote yamegeuka shotikati, ukibofya hakifunguki kitu. Nikamjibu kwa sauti ya fundi mzoefu kwamba dawa yake ni kufomati tu. Nikafomati. Ripoti yake ya field ilikuwa humo humo, na nakala nyingine hakuwa nayo.

Baadaye sana ndipo nikajua kwamba yale mafaili hayakuwa yamefutwa. Yalikuwa yamefichwa. Mdudu wa aina ile hujinakili kwenye kila flashi inayochomekwa, huficha mafolda yako, halafu huweka shotikati zenye majina yale yale ili ukibofya umwamshe yeye. Kuyarudisha ni mstari mmoja tu wa attrib, amri ya Windows ya kuondoa alama ya kufichwa, kazi ya dakika moja ukienda polepole. Kwa hiyo aliyeiua ripoti ya yule dada ni mimi.

Tangu hapo neno "virusi" linanikera. Simu nzito, virusi. Matangazo yanarukaruka, virusi. Na mwenye kuambiwa "virusi" huishia kwenye dawa mbili tu: antivirusi au kufomati.

Hata zile makala zinazojaribu kutufundisha aina za programu hasidi huwa zinanichanganya, maana hupanga kila kitu kwenye mstari mmoja: kirusi, mnyoo, farasi wa Troya, programu ya kijasusi, programu ya kudai fidia. Ni sawa na kusema mtaani kuna wezi wa aina mbili, wanaoruka ukuta na wanaoiba redio. Aliyeruka ukuta si ndiye huyo huyo aliyebeba redio? Majina matatu ya kwanza yanaeleza mlango. Kirusi hujibandika kwenye faili au diski na hungoja binadamu aibebe, kama Brain ya mwaka 1986, iliyotengenezwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, na kusambaa kwa disketi. Mnyoo hutembea mwenyewe kupitia mtandao. Farasi wa Troya unamkaribisha wewe, ukidhani ni mgeni mwema. Majina mawili ya mwisho yanaeleza kazi inayofanyika ndani ya nyumba.

Mfano ninaoupenda ni wa Desemba 1989. Disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London, zikidai kuwa na maelezo kuhusu UKIMWI. Aliyeshtakiwa kwa kazi hiyo ni Joseph Popp, Mmarekani msomi wa biolojia ambaye aliwahi kufanya utafiti wa nyani Kenya. Ukiiweka disketi, programu ilifanya kazi vizuri tu. Chini kwa chini ilikuwa inahesabu kila unapowasha kompyuta, na ikifika kama mara 90, inavuruga majina ya mafaili na kudai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta Panama. Mlango ni farasi wa Troya, kazi ni kudai fidia. Na kilichovurugwa ni majina; yaliyomo ndani ya mafaili yalikuwa salama, na haikuchukua muda zikapatikana programu za kuyarejesha. Aliyekuwa amekimbilia kufuta diski nzima alijimaliza mwenyewe. Namwelewa kabisa.

WannaCry, programu nyingine ya kudai fidia, ilikuja kwa mlango mwingine. Ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 haikumwomba mtu abofye chochote; ilikuwa mnyoo, ikipenya kwenye Windows zenye tundu ambalo Microsoft walikwisha kutoa kiraka chake tangu Machi 14. Hapo lile onyo letu la kila siku, "usifungue usichokijua", halikusaidia kitu. Kilichosaidia ni apdeti. Najua kwa nini hatuapdeti: bando. Kompyuta moja inaweza kumeza bando la wiki nzima usiku mmoja, halafu nyingi za Windows zetu ni za kukraki, na mwenyewe anaogopa ikiapdeti itamuumbua. Sitamlaumu mtu, ila gharama yake ndiyo hiyo.

Kwenye simu mambo ni tofauti tena. Huko mara nyingi ni farasi wa Troya. Mtu anatumiwa na rafiki faili la APK (lile la kusakinisha programu kwenye Android) la WhatsApp "iliyoboreshwa", ya kusoma meseji zilizofutwa, naye anaruhusu kila inachoomba. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya hizo zilizoboreshwa, limebeba farasi aitwaye Triada. Hakuna tundu lililopenywa hapo, mlango umefunguliwa na mwenye nyumba.

Na usiamini hata kinachoandikwa kwenye skrini. Programu hasidi iitwayo NotPetya, tarehe 27 Juni 2017, ilianzia kwenye apdeti ya programu ya uhasibu inayotumika Ukraine (ndiyo, apdeti hiyo hiyo niliyoisifia hapo juu), ikadai fidia kama WannaCry. Lakini hata ukilipa, mafaili hayakuwa na namna ya kurudi. Ilikuja kuharibu, fidia ilikuwa kanzu tu. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza karibu kila nakala ya seva zilizoshika orodha ya watumiaji wa mtandao wake duniani kote. Moja ilipona, ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ilikuwa nje ya mtandao mdudu alipopita.

Diski yangu ya nakala inakaa kabatini, haijachomekwa popote. Yule dada aliichapa upya ripoti yake kwenye kompyuta ya mjomba, siku nne, bure.