Kondensa au daynamiki? Tuanzie kwenye chumba

Kijana wa Dar es Salaam anayetaka kurekodi sauti nyumbani akiuliza anunue maiki gani, hupewa majibu mawili yanayogombana. Prodyuza mmoja atamwambia achukue kondensa, kwa kuwa ndiyo maiki ya studio. Mwingine atamwambia achukue daynamiki, maana kondensa itamwingizia bodaboda za mtaa mzima ndani ya wimbo. Nimezitumia zote mbili katika chumba kilekile cha Sinza chenye dirisha la nondo na nyavu, na naona kila mmoja wao ameshika nusu ya ukweli.

Wa kondensa wana hoja nzito. Utando wa ndani ya maiki hiyo ni mwepesi sana, kwa hiyo unaifuata sauti mpaka kwenye pumzi na mtetemo mdogo wa koo. Mwimbaji wa taarabu anayeivuta sauti taratibu, au msomaji wa hadithi anayenong'ona, hupoteza mengi akisimama mbele ya daynamiki. Tena kondensa hutoa mkondo wenye nguvu. Kwa sauti ileile, Rode NT1-A, ambayo ni kondensa, hutoa volteji takriban mara 13 ya ile ya Shure SM58, ambayo ni daynamiki, hivyo priampu (kikuza sauti ya maiki) ya intafesi ndogo, yaani kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, mradi iwe na zile volti 48 za kuiwasha maiki, inafanya kazi yake bila kuhangaika.

Daynamiki ni maiki ya kuhimili shida. SM58 ipo sokoni tangu 1966, haihitaji umeme wa kuiwasha, na ikianguka unaiokota unaendelea kuimba. Joto na unyevu wa pwani haviisumbui. Kondensa unyevu ukiipata huanza kutoa mipasuko na mvumo, ndiyo maana yangu hulala ndani ya boksi lililofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Sasa tuje kwenye kelele, maana hapo ndipo watu wanapopotoshana. Husemwa kwamba daynamiki "haisikii" kelele za nje. Inazisikia. Kinacholeta tofauti kubwa ni umbali wa mdomo. Kila unapoukata umbali nusu, sauti yako inaongezeka kwenye maiki kwa desibeli 6 hivi, wakati bajaji iliyo barabarani haijasogea hata hatua. Daynamiki tumezoea kuiimbia midomo ikikaribia kugusa wavu, na kondensa tumezoea kusimama mbali nayo. Ukitoka sentimita 24 ukasogea hadi 6, umeizidi kelele kwa desibeli 12 zaidi bila kununua chochote. Ziweke zote mbili kwenye umbali mmoja, zote ziwe za kadioidi, yaani zinazosikia zaidi upande wa mbele, kisha uzilinganishe ukubwa wa sauti: tofauti ya kelele inakuwa ndogo kuliko tulivyoaminishwa. Hata hivyo kusogea kuna gharama yake. Besi inavimba, herufi "p" na "b" zinapiga kama ngumi, na bila popfilta, kile kichujio cha kuzuia pumzi mbele ya maiki, utajuta wakati wa kumiksi.

Kelele ya pili ni mwangwi wa chumba chenyewe, na huu naona unaharibu rekodi nyingi kuliko bodaboda. Watu bado wanabandika trei za mayai ukutani, jambo linaloniumiza kila ninapoliona, kwa sababu trei hazinyonyi sauti ya maana. Godoro la sponji lililosimamishwa au blanketi nzito vinafanya kazi kweli. Ila vitundike nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki peke yake. Maiki ya kadioidi ni kiziwi upande wa mgongo, huku mbele yake inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Huo mgongo ugeuzie dirishani.

Priampu naiweka mwisho kwa makusudi. Kuna mahali inapoamua kila kitu. Shure SM7B, daynamiki nyingine, ina mkondo mdogo kiasi kwamba huhitaji kukuzwa kama desibeli 60, na intafesi ya Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu inaishia 56. Msomaji mwenye sauti ya chini akiichomeka humo atalazimika kufungua geini (kiwango cha kukuza sauti) mpaka mwisho na bado sauti itakuwa ndogo. Kizazi cha nne kimefika 69, na kifaa kama Cloudlifter huongeza 25 kwa kutumia zile volti 48. Lakini msanii wa singeli anayepaza sauti sentimita tano kutoka kwenye wavu haihitaji ziada hiyo. Wapo wanaosifia "joto" la priampu za bei kubwa, na rangi hiyo ipo kweli, ila huisikii vizuri mpaka chumba kinyamaze. Fedha hiyo ningeipeleka kwenye godoro, stendi imara na hedifoni.

Kwa nyumba iliyo karibu na barabara na mwimbaji mwenye sauti kubwa, ningenunua daynamiki bila kusita. Mwenye sauti laini na chumba cha uani, kondensa. Mimi hurekodi kati ya saa nane usiku na adhana ya alfajiri, feni ikiwa imezimwa, na saa hizo kondensa ndiyo ninayoitoa kwenye boksi.