Tapas haziagizwi kwa mkupuo

Tulikuwa watu watatu kwenye meza ndogo ya duara, na katikati yetu sahani tisa za tapas, vile vyakula vidogo vidogo vya Kihispania. Nilizihesabu kwa sababu ya kumi ilipofika mhudumu alibaki nayo mkononi, hana pa kuiweka. Tukasogeza glasi, tukapandisha kisahani juu ya kisahani, mmoja wetu akapakata kikapu cha mkate. Robo saa baadaye viazi vya bravas, vya kukaanga na mchuzi wa pilipili, vilikuwa vimelowa na kulegea chini ya mchuzi wao, croquetas, yale madonge ya kukaanga, zimepoa, na sisi tunakula haraka haraka kama watu wanaokimbizana na basi.

Mgahawa wenyewe sina ugomvi nao. Ni wa kawaida, meza hazina vitambaa, kelele za kutosha, wahudumu wachangamfu. Kilichotuponza ni ile sentensi unayoambiwa kabla hujafungua menyu: sahani zetu ni ndogo, agizeni tatu tatu kila mmoja. Tatu mara tatu ni tisa, ya kumi ni tamaa yetu wenyewe. Jikoni wakapika vyote, vikaiva karibu wakati mmoja, vikaja vyote.

Kwa Kihispania tapa ni kifuniko. Asili yake ina hadithi nyingi, hata wafalme wamo, lakini mimi inanitosha ile ya mlevi na nzi: mtu anafunika glasi yake kwa kipande cha mkate au nyama ili wadudu wasiingie, kisha anakila kile kifuniko. Iwe kweli au isiwe, inaonyesha nani alitangulia. Kinywaji kwanza, tonge linafuata. Granada, kusini mwa Uhispania, hadi leo ukiagiza kinywaji baa, kinakuja na cha kutafuna bila kukilipia, ukiongeza cha pili unaletewa kitu kingine. Na kutembea baa hadi baa, hapa tonge moja, pale jingine, mara nyingi kwa kusimama kaunta, kuna kitenzi chake kabisa: tapear.

Pale Sevilla, mji mwingine wa kusini, kuna baa iitwayo El Rinconcillo, ipo tangu 1670, ambako mhudumu huandika bili yako kwa chaki juu ya kaunta. Unakula, unaagiza, anaongeza tarakimu. Nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Uhispania, mjini San Sebastián hasa, vitu vya namna hiyo huitwa pintxos kwa sababu vingi huchomwa kijiti, na zipo baa ambazo ukimaliza huhesabiwa vijiti vilivyobaki mbele yako. Njia zote mbili hazimtaki mtu aamue mlo mzima akiwa bado na njaa na menyu mkononi. Anaamua tonge kwa tonge.

Sasa, mgahawa wa mjini wenye kiti chako na meza yako iliyowekwa nafasi hauwezi kukutembeza mitaani. Sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba ile safari unaweza kuifanya umekaa: agiza mbili, zikiisha agiza mbili nyingine, na usikubali menyu iondolewe mezani.

Mimi huanza na vya baridi: zeituni, boquerones (dagaa waliolowekwa kwenye siki hadi nyama ikawa nyeupe), na pan con tomate. Hii ya mwisho ndiyo mtihani wangu wa mgahawa. Ni mkate uliobanikwa, nyanya iliyoiva, mafuta ya zeituni, chumvi, wengine hupitisha na kitunguu saumu. Hakuna pa kujificha. Nyanya ikiwa mbichi utajua, mafuta yakiwa ya bei poa utajua, na mkate ukiwa umekaa na nyanya kwa muda kabla ya kuletwa, unakatika katikati ukiuinua. Mahali panapokosea hapa, mimi sitafuti pweza. Nalipa na kwenda.

Kamba wa al ajillo, yaani wa kitunguu saumu, nawaagiza peke yao, makusudi. Wanakuja kwenye kibakuli cha udongo, mafuta bado yanatokota, vipande vya kitunguu saumu vimegeuka rangi ya asali na pilipili kavu inaelea. Udongo unatunza moto, kwa hiyo kamba wanaendelea kuiva mbele yako. Ukiongea sana wanakuwa mpira. Wakiisha, kazi inaanza: mkate ndani ya yale mafuta. Siku ile ya sahani kumi mhudumu alikichukua kibakuli kikiwa na mafuta yote, eti kupunguza msongamano, na hakuna aliyemzuia. Bado inaniuma.

Pilipili za Padrón ziagize ukiwa na watu unaowajua. Ni ndogo, za kijani, zinakaangwa nzima na kunyunyiziwa chumvi ya mawe. Nyingi ni tamu, mara moja moja inatokea moja inayowasha kweli, na raha yote ni kutazama nyuso.

Kwa asiyekula nguruwe, uliza mapema na uulize tena. Croquetas kwa nje hazisemi kitu, ila ule uji mzito wa maziwa na unga uliomo ndani mara nyingi umechanganywa na vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Mchicha na dengu, espinacas con garbanzos, ni chaguo zuri, ingawa hata hapo nisingeacha kuuliza.

Na kama menyu inatenganisha tapa, media ración (nusu ración) na ración, yasome maneno hayo kabla ya bei. Ración ni sahani kubwa ya kugawana. Mbili za hizo kwa watu wawili, na usiku umeisha.

Wiki iliyofuata nilirudi palepale na mmoja wa wale wawili. Tukaagiza zeituni na mkate wa nyanya. Mhudumu akasubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Ni hivyo tu?"

"Kwa sasa."

Akaikodolea meza macho, akaenda. Aliporudi tukaagiza kamba, kisha tortilla, ile ya mayai na viazi, mbichi kidogo katikati kama ninavyoipenda. Raundi ya tatu akaacha kushangaa, akawa yeye ndiye anayesema ngojeni kwanza, ngisi leo wazuri, nitawaletea mkimaliza hiyo. Tulikaa karibu saa tatu, na kibakuli cha kamba kilirudi jikoni kikavu.

Croquetas zilikuja tano, kwa watu wawili. Ya tano niliila mimi, mwenzangu alipokwenda kunawa mikono.