Kazi ya simu ije mashinani, lakini na gari lake

Nilifanya kazi ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo miaka miwili, kando ya Mombasa Road, Nairobi. Mteja wa New York akianza siku yake saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi au kumi na moja jioni, inategemea kama wenyewe wamesogeza saa zao. Akifunga ofisi, sisi tunaelekea saa sita, saa saba usiku.

Ukumbi ule ulijaa wasichana. Meneja mmoja alitueleza kwamba wanawake wana subira na sauti zetu humtuliza mteja. Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki, maana kitu kikishaitwa kipaji cha kuzaliwa, hakuna atakayekilipia kama ujuzi. Kutukanwa dakika kumi na mbili kwa bili ambayo hukuiandika wewe, vidole vikiendelea kuchapa na sauti ikiendelea kutabasamu, huo ni ujuzi. Usiku mmoja nilizima maikrofoni nikalia kidogo, nikaiwasha: "Asante kwa kusubiri." Kesho yake nikaulizwa zile sekunde arobaini zilikwenda wapi.

Sitaki kuisema vibaya kupita kiasi. Kazi hiyo ndiyo iliyomlipia mdogo wangu karo. Ninachotaka ni isogee. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa mwaka 2009 (kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, unasema "halo" inafika kwa kuchelewa), lakini kazi nyingi zilipita pwani bila hata kupumzika, zikaenda kukaa Nairobi. Jumba kubwa la CCI, kampuni ya kupokea simu, lililofunguliwa Mei 2024 nalo liko Tatu City, Kiambu, mwendo wa matatu tu kutoka jijini. Safaricom angalau ilipeleka kituo cha simu Eldoret. Mwenzangu mmoja alirudi huko kwao akapata kazi kama yetu. Mtoto analala kwa nyanyake, kodi ya nyumba haimalizi mshahara. Nairobi alikuwa akimlipa yaya karibu nusu ya alichopata.

Hapo ndipo waajiri nao wanapopiga hesabu zao. Kima cha chini cha mshahara nchini hupangwa kwa maeneo, Nairobi na Mombasa juu, miji midogo chini. Sioni kwa nini anayepokea simu ya mteja yuleyule, kwa Kiingereza kilekile, alipwe kidogo kwa sababu amekaa Kakamega.

Magavana hupenda kutaja idadi ya viti, yaani nafasi za kazi. Waulize pia chumba cha kunyonyeshea kiko wapi. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe nacho, na mama apewe muda wa kukitumia. Halafu waulize gari la usiku linaishia wapi.

Letu lilituacha stejini. Kutoka hapo hadi kwenye ploti ni kama mita mia tatu, bila taa hata moja, na mbwa wa kwenye kibanda cha makaa. Nilipatana na mlinzi wetu awe ananijia na tochi, shilingi hamsini kila usiku. Siku ishirini na mbili za kazi, shilingi elfu moja mia moja kwa mwezi. Nilimwonyesha timu lida hesabu hiyo. Akasema ni matumizi yangu binafsi.