Mwanga una upande, na lenzi inaujua

Wapenda lenzi tukibishana, tunabishania pikseli na ukali. Polaraizesheni ikitajwa, basi ni ile filta ya kuondoa mng'ao juu ya maji. Nadhani tunakosea: polaraizesheni imo ndani ya lenzi yenyewe, hata usipofunga filta yoyote.

Mwanga hutetema kukingama na njia yake, na mtetemo huo una uelekeo; uelekeo huo ndio polaraizesheni. Mwaka 1808 Étienne-Louis Malus alilitazama jua lililoakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg, Paris, kupitia fuwele ya kalisaiti. Fuwele hiyo hutoa taswira mbili. Alipoizungusha, zikawa zinapokezana kung'aa na kufifia. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeuchambua mwanga kabla haujamfikia.

Lenzi nayo huchambua. Mwale wa katikati huingia wima, hauna shida. Wa pembezoni huingia kwa mshazari, na hapo mtetemo wa uelekeo mmoja hupenya zaidi ya mwingine. Weka lenzi kali ya hadubini kati ya filta mbili za polaraizesheni zilizokingamana, yaani moja huzuia mtetemo unaopitishwa na nyingine, kisha utazame mwanga unavyotoka nyuma yake. Ungetarajia giza tupu. Unakuta msalaba mweusi, na mwanga ukivuja katika robo zote nne. Anayetafuta kitu hafifu kwenye giza hilo, uvujaji huo ndio adui yake, na kuongeza pikseli hakumsaidii kitu.

Lenzi ikiwa ya mwanya mpana sana, mwanga wenye mtetemo wa upande mmoja haukusanyiki tena kuwa nukta ya duara. Nukta hurefuka kufuata mtetemo, kwa hiyo mistari ya upande mmoja huonekana vizuri kuliko ya upande wa pili. Wachapaji wa chipu za kompyuta, wanaotumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, hawana anasa ya kulipuuza hili: miale miwili ikikutana kwa pembe ya digrii 90 huku mitetemo yake ikilala kwenye bapa la miale hiyo, mistari haichapiki kabisa. Ndiyo maana huchagua uelekeo wa mtetemo kwa makusudi.

Sisi wengine tunapewa namba moja ya ukali, bila kuambiwa ilipimwa kwa mwanga wa mtetemo gani.

Lenzi za plastiki nazo zina kasoro yake, mkazo uliobaki tangu zilipomiminwa. Shika rula ya plastiki angavu mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta, uitazame kupitia filta ya polaraizesheni. Rangi zote utakazoziona zilikuwamo.