Hii nodi kwao wapi jamani?

Hivi nyie mnaochambua kodi za Python, ile lugha ya programu (sio kodi ya TRA, tulieni), mnateseka kama mimi au mimi nimelogwa? Unapitia mti wa sintaksia (kodi iliyovunjwa vipande kama matawi, kila kipande ndo nodi) nodi baada ya nodi, kosa umeshalikamata, unataka tu kumwambia mtu "mkuu, shida iko hapa". Hapa wapi sasa?? Mistari inahesabiwa kuanzia 1, safu kuanzia 0, nani alikaa akaamua hivyo? Halafu hiyo col_offset, namba ya safu nodi inapoanzia, haihesabu herufi, inahesabu baiti za UTF-8, yaani mtu akitupia kaemoji kamoja tu kwenye stringi, baiti 4 hizo, kamshale kangu kekundu kanahama kanaenda kumsingizia mabano wa jirani asiye na hatia.

Alama ya kujumlisha je? Nodi ya Add haina mstari, haina safu, haina ukoo. Komenti ndo usiseme, mti haujui hata kama ziliwahi kuishi.

Eti tumia end_lineno, namba ya mstari nodi inapoishia. Sawa, ila imekuja na Python 3.8 mwaka 2019 na mteja wangu bado yuko 3.6, anazeeka nayo. Na hiyo hiyo 3.8 ikahamisha mwanzo wa fanksheni kutoka kwenye dekoreta (ule mstari wa @ juu yake) kwenda kwenye def (neno linaloianzisha), ripoti zangu zote zikayumba kama daladala ya mwisho.

Jana saa nane usiku nimeunda nodi kwa mkono wangu, naipeleka kwa compile ya Python igeuzwe iwe kodi ya kuendeshwa, inagoma eti haina lineno, yaani namba ya mstari. Yaani sasa mimi ndo naulizwa imetoka wapi!