Nani kamchagulia Arusha?

Mafundi wengi wa tovuti hapa Moshi na Arusha watakwambia menyu kunjuzi, yaani orodha ya kuchagua jibu kwenye fomu, isiachwe tupu: seva, kompyuta inayotuma na kupokea fomu, itangulize jibu, mteja wa simu apunguziwe kazi. Anayeweka "Chagua mkoa" juu ya orodha huonekana mvivu. Mimi naona anaonewa.

Chukua hiyo hiyo orodha ya mikoa, maana hapo ndipo panaponiuma. Tanzania ina mikoa 31, na kwa mpangilio wa alfabeti wa kwanza ni Arusha. Kivinjari kisipokuta chaguo lenye alama ya selected (yaani "limechaguliwa"), wala mstari mtupu juu, huchukua la kwanza. Basi mtu wa Marangu akiruka swali hilo, kawa wa Arusha. Wa Same naye Arusha. Hata wa Songea! Seva haiwezi kumtenganisha aliyeichagua Arusha kwa mkono wake na ambaye hakugusa kitu. Wote wameleta neno lilelile. Mwisho wa mwezi mwenye biashara anaona wateja wamejaa Arusha, anapeleka matangazo huko, na Kilimanjaro inaonekana haina watu. Takwimu hizo huwezi kuzisafisha baadaye, kwa kuwa kilichotokea hakikuandikwa popote.

Kwenye fomu ya kupanda Mlima Kilimanjaro jambo ni zito zaidi. Ukitanguliza njia ya Marangu ya siku 5, yuko mgeni atakayeiacha hivyo akidhani ndiyo inayomfaa, kumbe siku moja zaidi ingeupa mwili wake nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Mwaka 2003 watafiti Johnson na Goldstein walionyesha nguvu ya jibu lililotangulizwa: Austria, ambako asiyekataa kuchangia viungo huhesabiwa amekubali, ridhaa ilizidi asilimia 99, Ujerumani, ambako lazima mtu aseme ndiyo, ilikuwa asilimia 12.

Wanaotaka menyu ijazwe wana hoja ya kweli pia. Mtu kajaza nafasi kumi na mbili, kakosea tarakimu ya simu, fomu inarudi na kila alichochagua kimefutika. Huko ni kumdharau. Hapo skripti ipitie orodha, ilinganishe kila thamani na aliyoituma, iweke selected zinapolingana. Kwenye PHP, lugha ya kuandikia programu za seva, geuza thamani zote mbili ziwe maneno, kisha tumia alama tatu za usawa (===). Kabla ya toleo la 8, kwa alama mbili (==), namba sifuri ililingana hata na "Arusha". Anayerekebisha taarifa zake za zamani naye arudishiwe zilizo kwenye hifadhidata.

Lakini hayo ni majibu yake mwenyewe. Kubahatisha mkoa kwa anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti, ni jambo jingine, kwani ya simu mara nyingi huonyesha ilipo mitambo ya mtandao, si alipo mtu. Kama hajawahi kusema anatoka wapi, mstari wa juu ubaki mtupu, na seva ikatae fomu ikiletwa hivyo, hata kama kivinjari kimeipitisha.